Shajara ya Njugu: kumlea teria mdogo mpaka aingie kazini

Oktoba mwanzoni, ana wiki 8

Amefika jana jioni. Nimemtoa shamba moja upande wa Usa River, baba na mama yake wote ni Jack Russell wa kazi, yaani teria, mbwa wadogo wa kuwinda mashimoni, niliwaona kwa macho yangu wakikimbiza panya kwenye mabanda ya farasi na hilo ndo lilinifanya nikubali kusubiri miezi minne mpaka wazae. Nimembeba kwenye kreti la nyanya lenye gunia chini, alilia mpaka Boma Ng'ombe halafu akalala, tulipofika huku Siha ilikuwa giza na baridi ikabidi mama watoto amfunge kwenye sweta kuukuu. Ni jike, mweupe, ana mabaka ya kahawia masikioni na kwenye shina la mkia, rangi ileile ya njugu zilizokaangwa, kwa hiyo watoto wamemwita Njugu na mimi nimekubali haraka kwa sababu ni jina fupi na linapaa vizuri ukiita kwa mbali.

Naandika hii shajara kwa sababu nataka nikumbuke nilifanya nini na lini, na kama kuna mtu mwingine anataka kulea mbwa wa namna hii kwa kazi ya shamba basi aone njia nzima, na makosa pia.

Kazi yenyewe ni panya. Msimu uliopita tulivuna vizuri, mahindi yakakaa stoo kwenye ile mifuko ya kuzuia hewa, ambayo kwa dumuzi ni kinga nzuri kweli ila panya akishatoboa tundu moja tu hewa inaingia na faida yote imekwisha. Tukaweka sumu. Panya wakapungua wiki mbili, wakarudi, na katikati hapo paka wetu akala panya aliyekula sumu akafa. Watoto walimzika chini ya mparachichi. Siku ile nikamwambia mama watoto sumu haitaingia tena kwenye boma hili.

Oktoba, wiki ya 10

Watu wakimwona wanasema huyu ni mbwa wa kizungu wa kubebwa. Siyo kweli, na inaniuma kidogo maana historia yake ni ya matope. Alianzia Uingereza, Devon, kwa mchungaji wa kanisa aliyeitwa John Russell ambaye mwaka 1819 akiwa bado mwanafunzi Oxford alinunua jike dogo jeupe kutoka kwa muuza maziwa, jike likiitwa Trump, na uzao ukaanzia hapo. Kazi yao ilikuwa kuingia kwenye shimo la mbweha na kumbwekea mpaka atoke nje, siyo kumuua humohumo. Ndo maana kifua chake lazima kiwe chembamba, mbwa mzima unatakiwa uweze kukizungushia viganja viwili nyuma ya miguu ya mbele, mzunguko kama sentimita 40 hadi 43, na urefu wake begani ni sentimita 25 mpaka 30 basi. Akizidi hapo shimoni hapiti.

Nayaandika haya kwa sababu yamenisaidia kujua kazi yangu mimi ni ipi. Kukimbiza na kuua sina haja ya kumfundisha, hilo kazaliwa nalo, ana wiki 10 na tayari anatikisa soksi ya mwanangu kushoto kulia mpaka masikio yanampiga machoni. Ninachotakiwa kumfundisha ni kuacha. Aache kuku, aache ndama, aache nyoka, aache alichokamata mdomoni nikisema, na arudi nikiita hata kama damu imemchemka. Nikishindwa hapo nitakuwa nimefuga balaa.

Dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili. Chanjo ya kwanza ya mchanganyiko tayari, ile yenye parvo, distempa na leptospira. Leptospira nimeisisitiza kwa daktari wa mifugo mpaka akaniangalia, ila mbwa wa panya bila hiyo chanjo ni hatari maana ugonjwa wenyewe unatoka kwenye mkojo wa panya na unatupata hata sisi.

Novemba, miezi 3

Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata leo, kadi nimeiweka kwenye bahasha moja na za watoto. Kila mwaka itarudiwa.

Mwezi huu wote kazi imekuwa ni kumzoesha vitu. Pikipiki, mashine ya kukoboa, mbuzi wa jirani, mvua kwenye bati, watu wenye miavuli. Kuku ndo shule kubwa. Kila asubuhi nilimkalisha na kamba mbele ya banda nikifungulia kuku, akitazama na kutulia anapata kipande cha maini, akiruka hapati kitu na tunaondoka. Siku ya nne kamba ilinichomoka mkononi akamrukia kifaranga, kabla sijanyanyua mguu tetea alishamfikia, akampiga mdomo kwenye pua na kumpiga mabawa mpaka akakimbilia chini ya toroli. Pua ilitoka tone la damu. Tangu hapo akipita karibu na tetea mwenye vifaranga anazunguka mbali na uso kaugeuzia pembeni. Maini yangu ya siku nne hayakufika hata robo ya somo lile.

Jambo jingine ni majirani. Mzee wa duka hapa chini ni Mwislamu, mtu mwema sana kwetu, na mbwa akimlamba au akimgusa na pua mbichi inambidi aoshe mara saba na mojawapo iwe kwa udongo kabla hajaenda kuswali. Nilimfuata mwenyewe kabla mbwa hajakua. Shikamoo mzee, nimeleta mbwa nyumbani, nataka nikuahidi hatakufikia. Akasema marahaba, mwanangu, kufuga mbwa wa kulinda shamba hakuna ubaya, we mfundishe tu adabu asinifuate dukani. Kwa hiyo Njugu hamfuati mtu yeyote barabarani, mgeni akiingia anakaa kwenye gunia lake mpaka nimruhusu. Hili nimelifanyia kazi kila siku bila kuruka, hata siku za mvua.

Disemba na Januari

Meno ya utoto yanadondoka, nimeokota moja kwenye gunia, kama punje ya mchele. Mbwa mzima ana meno 42 na haya ya kudumu yanakamilika kwenye miezi sita, saba. Mpaka hapo panya hai hapewi, kabisa. Kijana wetu wa kazi alitaka sana tumjaribu na panya aliyenasa kwenye mtego wa waya, nikakataa. Kwanza ni ukatili kumfungia mnyama asiyekuwa na pa kukimbilia. Pili mbwa mdogo aking'atwa midomo kabla meno hayajakamaa anaweza kuogopa maisha yake yote, au akawa na hasira ya kijinga asikusikie tena, na yote mawili hayafai.

Tunachofanya ni harufu. Panya aliyekufa kwenye mtego wa kubana, wa kwetu wenyewe ambao najua hakuna sumu, namfunga uzi na kumburuta kutoka stoo, kupita nyuma ya choo, kando ya mfereji, mpaka kwenye rundo la mabua. Napumzisha nusu saa halafu namleta Njugu. Mara ya kwanza alikimbia ovyo huku na huku. Mara ya tano aliinamisha pua akaenda taratibu kama mtu anayesoma herufi kwa kidole, kwenye kona ya choo akapitiliza, akasimama, akarudi hatua tatu, akaipata. Mkia wake wakati huo unatetemeka ncha tu. Nimejifunza kuutazama mkia, ukitetemeka ncha yupo kwenye harufu, ukizunguka wote anacheza.

Akifika kwa panya nasema "acha", anamwachia, anapata maini. Halafu, hii muhimu, namrudishia panya amtikise kidogo. Ukimnyang'anya kila mara anajifunza kukimbia na kitu chake. Akijua kuacha siyo kupoteza basi anaacha mapema.

Kupe wameanza na joto hili. Kila jioni namkagua katikati ya vidole, ndani ya masikio na chini ya kola. Homa ya kupe imeua mbwa wawili wa jirani mwaka jana, fizi zikawa nyeupe wakaacha kula, wiki moja tu.

Februari, miezi 6

Kilo 5 na gramu 200 kwenye mizani ya dukani. Anakula ugali wa dona na dagaa, mara moja moja utumbo wa ng'ombe uliochemshwa, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana maana inapasuka na kuchoma. Panya wa kwanza amempata mwenyewe, bila mimi kupanga, kwenye rundo la magunzi. Ilikuwa panya shamba, wale wadogo wa kahawia ambao majike yana chuchu mpaka 24 na wanaweza kuzaa zaidi ya 10 kwa mkupuo, ndo maana baada ya mvua nzuri wanafurika hivi. Alimbana shingoni, akatikisa mara mbili, kimya. Nadhani haikuzidi sekunde tatu. Nimewahi kuona panya aliyekula sumu akihangaika siku nzima, sasa mtu asiniambie mbwa ndo mkali.

Aprili, miezi 8

Hii siku nitaiandika yote.

Jumapili baada ya ibada nilitoka naye kwenda kuangalia mfereji kule juu maana masika yamekula kingo. Sikumfunga kamba. Miezi miwili mfululizo alikuwa anarudi kila nikiita, nikajiaminisha. Kwenye ukingo wa korongo kuna shimo la zamani la muhanga, nimelijua miaka yote na sikuwahi kulifikiria. Aliinua kichwa, ncha ya mkia ikatetemeka, nikaita, akageuza sikio moja, akaingia. Mguu wa nyuma ndo nilioona mwisho.

Saa tisa na nusu hiyo. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikalala kifudifudi na sikio ardhini, nikamsikia, mbali, kama mtu anabweka ndani ya mtungi. Halafu akanyamaza, halafu akaanza tena mahali pengine. Kilichonitisha zaidi ni kwamba alikuwa na kola shingoni, na kila anayefuga mbwa wa mashimo anajua kola ya kawaida inavuliwa kabla, kwa sababu ikinasa kwenye mzizi chini huko mbwa ananyongeka. Kule Uingereza wanawafunga kola maalum zenye mawimbi ya redio, juu unapita na kifaa kinakwambia yupo wapi na kina gani. Mimi nilikuwa na sikio tu.

Kijana wetu akaja na sururu na chepe, na vijana wawili wa jirani. Hatukuchimba mdomoni mwa shimo, udongo umelowa ungemfunika. Tulichimba kutokea juu, pale sauti ilipokuwa karibu zaidi, taratibu, kila baada ya muda tunanyamaza wote tunasikiliza. Mwanangu wa kike alikuwa amekaa pembeni amejifunika kanga, halii, anang'oa nyasi moja moja. Kwenye saa kumi na mbili kasoro tulifika kina cha kiuno udongo ukadidimia kidogo, pakawa na tundu la ukubwa wa kikombe, na kutoka humo nikaona pua. Nikasema "acha, Njugu, njoo," kwa sauti ya kawaida kabisa. Akarudi nyuma, kinyumenyume, na dakika mbili baadaye akatokea kwenye mdomo wa shimo kwa matako kwanza, mwekundu wa udongo mwili mzima, macho yamejaa mchanga, na miiba miwili ya nungunungu, mmoja chini ya taya na mwingine begani.

Miiba ya nungunungu wa kwetu haina ndoano, ukiishika karibu na ngozi na kuivuta moja kwa moja inatoka, ila inaingiza uchafu ndani kwa hiyo usaha ni lazima usipotibu. Nilimshika kati ya magoti, nikaitoa kwa koleo, hakulia. Usiku uleule nilimpigia daktari wa mifugo, asubuhi akaja na bodaboda akamchoma sindano. Nungunungu tulimwachia shimo lake, hakuwa na kosa.

Nimejilaumu wiki nzima. Kosa halikuwa la mbwa. Shimoni sauti yangu haifiki, na hata ingefika, pale nilikuwa sijamfundisha. Nilimfundisha kuacha kitu kilicho mdomoni, sikumfundisha kuacha harufu kabla hajaianza.

Mei

Tumerudi kwenye kamba, mita 10. Kila siku tunapita karibu na mashimo, namsubiri mkia utetemeke, naita wakati huohuo, siyo baada. Akigeuka maini, asipogeuka kamba inamgeuza, bila makelele. Mabaya kabisa tumeyaziba kwa mawe na matawi ya miiba. Rundo la kuni nimelihamisha mbali na njia kwa ajili ya swila, nyoka huyo anatema sumu machoni na mbwa wa aina hii lazima asogeze uso. Dumu la maji safi lipo hapo wakati wote, ikitokea ni kumwagilia jicho robo saa bila kuacha kisha daktari.

Mwezi huu pia amepata joto lake la kwanza. Wiki tatu ndani, mbwa wa kijiji kizima wamelala getini.

Juni, miezi 10

Leo asubuhi, jua limeshatoka, panya alikuwa anatembea kwenye uzio kama mlevi. Panya mzima hatembei hivyo mchana kweupe. Njugu alimwona pamoja na mimi, akamfikia, akambana. Nikasema "acha". Na aliacha! Panya akaanguka, Njugu akanitazama huku midomo inatetemeka, nikasema njoo, akaja. Nilikaa chini kwenye umande nikamkumbatia, sikujali.

Nilimgeuza yule panya kwa kijiti, meno na manyoya ya kidevu yalikuwa na rangi ya pinki ya vile vidonge. Sumu za aina ile zinazuia damu kuganda, na ubaya wake haionekani siku hiyo, mbwa anakula na kucheza kama kawaida halafu siku ya tatu, ya tano, unaona fizi zimepauka na anavuja damu ndani. Dawa ipo, vitamini K, ila inabidi ianze mapema na iendelee kwa wiki kadhaa. Daktari kamwangalia, akasema kwa kubana tu bila kumeza hofu ni ndogo, ila nimkague fizi kila siku kwa wiki nzima. Nimekagua. Ni za pinki nzuri, ukibonyeza panakuwa peupe na rangi inarudi mara moja.

Nilimfuata jirani mwenye sumu, bila ugomvi, yeye naye ana kuku na mahindi na watoto wa kulisha. Tukakubaliana atoe sumu yote na azike mizoga, na mimi nikimaliza stoo yangu nitamletea mbwa kwenye mabanda yake.

Agosti, mwaka mmoja

Stoo leo. Mavuno mapya yanaingia wiki ijayo kwa hiyo ilibidi yote ya zamani yatoke na chaga zinyanyuliwe. Kuku tuliwafungia, dirisha tukaziba kwa ubao, sote buti na glavu. Njugu bila kola. Nilimweka mlangoni, "kaa", na tukaanza kutoa gunia moja moja kutoka mbele kwenda ukutani. Gunia la sita walitoka wawili kwa pamoja, alimuua wa kwanza akamtupa bila kumtazama na wa pili hakufika mlangoni. Kuanzia hapo yalikuwa ni vumbi na kucha kwenye sakafu. Hakubweka hata mara moja, alikuwa anafanya kazi. Kila baada ya magunia 10 tulisimama, akanywa maji, nikamsafisha macho.

Chaga la mwisho kwenye kona tulipolinyanyua akawepo panya buku. Wale wanafika kilo moja na zaidi, na ni haohao ambao kule Morogoro wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, Magawa, panya aliyepewa nishani ya dhahabu mwaka 2020, alizaliwa pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, kwa hiyo ni mnyama mwenye akili na mwenye meno. Alisimama kwenye kona akavimba. Njugu akaenda mara moja, akang'atwa mdomo wa juu, akaruka nyuma, damu kidogo, na nikaona mwili wake unajikunja kwa ajili ya kurudi. Hapo nikaita. Alikuwa mbele ya mnyama anayetoa sauti, damu yake mwenyewe mdomoni, na alisimama, akapumua mara moja kwa nguvu, akageuka akaja kukaa kwenye buti langu. Kijana akafungua mlango, panya buku akapita kando ya ukuta akaenda zake kwenye kahawa.

Jumla 31. Tumewazika shimo refu na majivu. Njugu ameogeshwa kwa sabuni, kidonda cha mdomo kimesafishwa kwa maji ya chumvi, kesho naenda na kadi yake maana leptospira inakaribia mwaka. Wapo waliobaki, nimehesabu matundu matano kwenye msingi upande wa choo na mawili nina uhakika ni mapya, tutayaziba kwa zege na vipande vya chupa.

Sasa hivi amelala kwenye gunia lake, miguu inakimbia usingizini. Jumamosi tunaenda kwa jirani. Ameshatoa sumu, nimeenda kukagua mwenyewe kila kona, na nimemwomba atufungie wale bata kwanza kwa sababu bata Njugu bado hajafundishwa.